Dhiki na Wasaa: Frederick Law Olmsted na Historia ya Tiba ya Mandhari

1. Utangulizi

Lugha nyingi humwelezea mtu mwenye wasiwasi kama mtu aliyebanwa. Neno dhiki liliingia katika Kiswahili kutoka Kiarabu, ambako mzizi wake wataja ufinyu, yaani mahali pasipo nafasi. Neno la Kifaransa angoisse lilizaliwa na neno la Kilatini angustia, ambalo nalo hutaja wembamba wa njia. Msongo, neno lililozoeleka katika maandishi ya afya ya akili, latokana na kitenzi kusonga, kilicho na maana ya kubana na kukaza. Kinyume cha hayo yote ni faraja, na katika Kiarabu mzizi wa neno hilo wataja kufunguka na kupata upenyo. Hivyo basi, methali inayojulikana na wote, baada ya dhiki faraja, yasema kwa ndani kwamba aliyebanwa hatimaye hufunguliwa.

Kiswahili kina ushahidi mwingine. Mtu aliyechoka kukaa ndani hutoka jioni kwenda kupunga upepo. Mganga naye humpunga pepo mgonjwa wake. Kitenzi ni kimoja, na upepo na pepo ni maneno ya ukoo mmoja. Haifai kudai, kwa sababu ya undugu huo wa maneno, kwamba wahenga walikuwa na nadharia kamili ya maradhi ya moyo na akili. Linaloweza kusemwa ni kwamba msemaji wa Kiswahili haoni ajabu akiambiwa kuwa hewa ya nje na utulivu wa nafsi vina uhusiano.

Makala haya yanakusudia kuonyesha jinsi wazo hilo, ambalo ni la kale na la watu wengi, lilivyogeuzwa katika karne ya 19 kuwa kazi ya serikali, na jinsi lilivyosafiri mpaka kufika Kivu. Njia itakayofuatwa ni maisha na kazi za mtu mmoja, Mmarekani Frederick Law Olmsted (1822-1903). Swali litakaloongoza uchunguzi ni hili: ikiwa mandhari ni dawa, ni nani aliyepewa dawa hiyo, na ni nani aliyetozwa gharama yake?

2. Kabla ya Olmsted: bustani ya York

Mpaka mwisho wa karne ya 18, wagonjwa wengi wa akili katika Ulaya walifungiwa nyuma ya kuta, na baadhi yao walitiwa minyororo. Mnamo 1796, katika mji wa York huko Uingereza, mfanyabiashara wa chai William Tuke pamoja na wenzake wa dhehebu la Makweka walifungua nyumba waliyoiita The Retreat, yaani mahali pa kujitenga na kupumzika. Nyumba hiyo ilijengwa juu ya kilima, ikatazama mashamba. Wagonjwa walitembea bustanini, walilima, na walitunza wanyama wadogo kama vile sungura na kuku. Mwaka 1813 mjukuu wake, Samuel Tuke, alichapisha kitabu kilichoeleza utaratibu huo, nacho kikasomwa sana upande wa pili wa bahari ya Atlantiki. Hospitali za wagonjwa wa akili zilizojengwa Marekani katika miaka iliyofuata zilitafuta viwanja vyenye miti na upeo mpana wa macho.

Jambo la kukumbukwa hapa ni kwamba bustani ya York haikuwa pambo. Ilihesabiwa kuwa sehemu ya matibabu. Hata hivyo ilikuwa tiba ya watu wachache, waliokwisha kuugua, ndani ya uzio mmoja. Hatua iliyobaki ilikuwa kuuliza kama mji mzima unaweza kuwekewa bustani ya namna hiyo kabla watu wake hawajaugua.

3. Mtu aliyekosa usingizi

Olmsted alizaliwa Hartford, katika jimbo la Connecticut, tarehe 26 Aprili 1822. Hakupata masomo ya chuo kikuu kama ilivyokusudiwa, kwa kuwa macho yake yaliharibika kwa sumu ya mmea. Alikuwa baharia katika safari ya China mwaka 1843, kisha akawa mkulima, kisha mwandishi wa habari. Mwaka 1850 alitembelea Uingereza, na huko Birkenhead, ng'ambo ya Liverpool, aliona bustani iliyofunguliwa mwaka 1847 kwa ajili ya watu wote, iliyochorwa na Joseph Paxton. Kilichomshangaza si maua, bali kuona kwamba mwokaji mikate na mwenye mali walikuwa na haki sawa ya kuingia. Kati ya 1852 na 1854 alisafiri katika majimbo ya kusini ya Marekani akiandikia gazeti, na maandishi yake juu ya utumwa yalionyesha kwamba utumwa uliwaharibu watumwa, mabwana na nchi yenyewe.

Olmsted hakuandika juu ya wasiwasi kama mtu anayeutazama kwa mbali. Katika maisha yake alipatwa mara nyingi na vipindi vya kuvunjika moyo, kukosa usingizi na kuchoka hata asiweze kushika kalamu. Ndugu yake John alikufa kwa kifua kikuu mwaka 1857, na mwaka 1860 alimpoteza mtoto mchanga. Nadharia yake ilitokana na hali hiyo kama vile ilivyotokana na vitabu. Aliamini kwamba mandhari hufanya kazi bila mtu kujua. Mtu hapati nafuu kwa kukazia macho ua moja na kulisifu. Hupata nafuu kwa sababu akili yake inashughulishwa pasipo kulazimishwa, na kwa muda huo sehemu iliyochoka inapumzika. Kwa sababu hiyo alichukia mapambo yanayodai kutazamwa, akapenda nyasi pana, vivuli, na njia zinazopinda taratibu.

4. Central Park na kijiji cha Seneca

Mpango wa mji wa New York wa mwaka 1811 uliikata Manhattan kwa barabara zilizonyooka, pasipo kuacha nafasi kubwa ya kupumulia. Kufika 1860 mji ulikuwa na watu zaidi ya 800,000. Sheria ya mwaka 1853 iliruhusu mji kuchukua ardhi katikati ya kisiwa ili ifanywe bustani ya umma. Olmsted aliajiriwa mwezi wa Septemba 1857 kusimamia vibarua, na mwaka 1858 yeye pamoja na mchoraji majengo Calvert Vaux walishinda mashindano ya kuchora bustani hiyo. Leo eneo lake ni kama hekta 341. Barabara za magari zinazoivuka zilizamishwa chini ya usawa wa ardhi, ili mtembeaji asikatizwe na kelele za mji. Vilima, maziwa na malisho yanayoonekana kama kazi ya maumbile vilitengenezwa kwa mikono, kwa baruti na kwa udongo uliobebwa kwa mikokoteni.

Ardhi hiyo, lakini, haikuwa tupu. Watu wapatao 1,600 walihamishwa. Miongoni mwao walikuwamo wakazi wa Seneca Village, kijiji kilichoanza mwaka 1825 wakati Wamarekani weusi walipoanza kununua viwanja huko. Hesabu ya watu ya mwaka 1855 iliwakuta wakazi wapatao 225. Theluthi mbili walikuwa weusi, na waliosalia wengi wao ni wahamiaji kutoka Ireland. Kilikuwa na makanisa matatu, shule na makaburi. Umiliki wa ardhi ulikuwa na uzito wa pekee, kwa kuwa tangu 1821 sheria ya jimbo la New York ilimtaka mwanamume mweusi awe na mali ya thamani ya dola 250 ndipo apige kura, sharti ambalo mzungu hakutakiwa kulitimiza. Aliyepoteza kiwanja aliweza basi kupoteza nyumba na sauti kwa siku moja. Wenye viwanja walilipwa fidia, ingawa baadhi yao waliona kuwa haitoshi. Kijiji kilibomolewa mwaka 1857 na wakazi wakatawanyika. Kwa muda mrefu kilisahauliwa, mpaka wanahistoria walipoanza kukitafuta tena na wanaakiolojia wakachimba mahali pake mwaka 2011.

Olmsted hakuamua kuhamishwa kwa watu hao. Uamuzi ulitangulia kuajiriwa kwake. Lakini ni dhahiri kwamba utulivu alioujenga ulisimama juu ya msingi huo. Mtu aliyetembea katika majimbo ya watumwa na kuandika juu ya dhuluma alilima nyasi zake mahali ambapo watu huru weusi walikuwa wamefukuzwa.

5. Ripoti ya Yosemite (1865)

Wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe Olmsted aliongoza kazi za shirika lililohudumia afya ya askari, hata nguvu zikamwishia. Mwaka 1863 alikwenda California kusimamia migodi ya dhahabu ya Mariposa. Tarehe 30 Juni 1864 Rais Abraham Lincoln alitia sahihi sheria iliyolikabidhi bonde la Yosemite kwa jimbo la California, ili litumiwe na watu wote kwa mapumziko, na Olmsted akawekwa kuwa mkuu wa tume ya kulisimamia.

Mwezi wa Agosti 1865, ndani ya bonde lenyewe, aliwasomea wenzake ripoti yake. Hoja zake zaweza kupangwa katika hatua tatu. Kwanza, alisema kwamba kutazama mandhari makuu, hasa kwa mtu aliyeondolewa kazini na katika shughuli za kila siku, huimarisha afya ya mwili na zaidi sana nguvu za akili, na kwamba wanaonyimwa pumziko hilo huwa katika hatari ya maradhi ya ubongo na ya roho, tangu hasira za daima mpaka wazimu. Pili, alionyesha kwamba matajiri wa Ulaya walilijua jambo hilo tangu zamani, kwani Uingereza na Ireland peke yake zilikuwa na bustani kubwa za watu binafsi zaidi ya elfu moja. Tatu, alihitimisha kwamba ikiwa serikali haitaingilia kati, mahali pazuri kuliko pote patamilikiwa na wachache. Kwa hiyo kuwahifadhia wananchi wote mahali hapo ni wajibu wa dola, si hisani.

Wenzake kadhaa katika tume waliizuia ripoti isifike kwenye bunge la jimbo. Ilichapishwa mwaka 1952, miaka 87 baadaye. Hata hivyo ni andiko la kwanza la kiserikali la namna yake kuunganisha waziwazi afya ya akili, mandhari na haki ya raia.

Lakini hapa pia yapo yasiyosemwa. Bonde la Yosemite lilikuwa makao ya Waahwahneechee. Mwaka 1851 kikosi cha wapiganaji wa Mariposa kiliingia bondeni, kikachoma maghala yao ya chakula na kuwafukuza. Wengine walirudi, wakaishi pembeni mwa watalii na kufanya kazi zao, na nyumba za mwisho za kijiji chao ziliondolewa mwaka 1969. Wale raia wote waliotajwa katika ripoti hawakuwa wote kweli.

6. Kutoka Yosemite hadi Virunga

Mnamo Oktoba 1919 Mfalme Albert wa Kwanza wa Ubelgiji alizuru Marekani, akafika Yosemite. Ziara hiyo, pamoja na mawaidha ya wataalamu wa viumbe wa Marekani, hasa Carl Akeley aliyetaka sokwe wa milimani wahifadhiwe, ilichangia kuanzishwa kwa Parc National Albert tarehe 21 Aprili 1925, mbuga ya kwanza ya taifa katika bara la Afrika, ambayo leo huitwa Virunga. Mipaka yake ilipanuliwa mwaka 1929 na katika miaka iliyofuata. Leo eneo lake ni kama kilomita za mraba 7,800, na tangu 1979 imo katika orodha ya urithi wa dunia.

Wazo lilibadilika njiani. Olmsted alitaka bonde lihifadhiwe ili watu waingie. Watawala wa Kibelgiji waliihifadhi Virunga kwanza kwa ajili ya sayansi, na sehemu kubwa ilifungwa hata kwa wageni. Jambo lililosalia bila kubadilika ni lile la kuwaondoa wenyeji. Katika tambarare za Rwindi na Rutshuru vijiji vilihamishwa, kwa hoja ambazo miongoni mwake ilikuwa kuzuia malale. Mahali ambapo familia zilikuwa na mashamba na makaburi paliitwa maumbile yasiyoguswa.

Matokeo yake yaonekana mpaka sasa. Kwa mkulima wa Kivu ya Kaskazini, mpaka wa mbuga ni mpaka wa shamba alilosimuliwa na babu yake. Kwa mama wa Goma, msitu ni makaa ya kupikia, ambayo wenyeji huyaita makala. Kwa mlinzi wa mbuga ni kazi iliyokwisha kuwaua wenzake zaidi ya 200. Na kwa maelfu ya watu waliokimbia vita tangu miaka ya 1990, kukimbilia porini ni maneno ya hofu: pori ni mahali pa kujificha, na pia ni mahali ambapo mwenye bunduki hujificha. Ni vigumu kumwambia mtu huyo kwamba miti hutuliza moyo.

7. Sayansi ilisema nini

Je, hayo yote yalikuwa mawazo ya waotao ndoto tu? La. Katika miaka ya 1980 wachunguzi walianza kupima jambo ambalo Olmsted alilikisia. Mwaka 1984 Roger Ulrich alichapisha katika jarida Science uchunguzi wa kumbukumbu za hospitali moja ya Pennsylvania za miaka 1972-1981. Alilinganisha jozi 23 za wagonjwa waliopasuliwa kibofu cha nyongo. Wale ambao dirisha lao lilitazama miti walikaa hospitalini wastani wa siku 7.96, na wale waliotazama ukuta wa matofali siku 8.70, wa kwanza walihitaji pia dawa kali za maumivu kwa uchache zaidi. Mwaka 1989 Rachel na Stephen Kaplan, wa Chuo Kikuu cha Michigan, walieleza kwamba umakini wa kujilazimisha huchoka kama msuli, na kwamba mandhari huurudishia nguvu kwa kuivuta akili kwa upole. Ni nadharia iliyo karibu sana na ile ya Olmsted.

Huko Japani, mwaka 1982, Tomohide Akiyama, mkuu wa idara ya misitu, alitoa jina shinrin-yoku. Shinrin ni msitu, yoku ni kuoga. Neno hilo liliundwa kwa mfano wa maneno yaliyokuwapo ya kuoga bahari na kuoga jua, na huenda wepesi wake wa kueleweka ulisaidia kuenea kwake. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2010, uliofanywa katika misitu 24 na washiriki 280, ulionyesha kwamba waliotembea na kuketi msituni walikuwa na kotisoli kidogo zaidi, mapigo ya moyo ya polepole zaidi na shinikizo la damu la chini zaidi kuliko walipokuwa mjini. Mwaka 2019 uchunguzi wa watu karibu 20,000 huko Uingereza ulikuta kwamba waliokaa nje penye maumbile angalau dakika 120 kwa wiki walijieleza kuwa na afya na hali njema zaidi.

Ushahidi huo wastahili kupokelewa kwa kiasi chake. Jozi 23 ni chache. Washiriki wa Japani walikuwa vijana wa kiume. Wenye afya huenda ndio watembeao zaidi. Tena, tafiti hizo zote zina sharti moja ambalo haliandikwi kwa sababu huhesabiwa kuwa la kawaida: mshiriki hakuwa na sababu ya kuogopa. Olmsted mwenyewe alilijua sharti hilo. Mwaka 1858 alianzisha kikosi cha walinzi wa Central Park na kuwafundisha adabu ya kuwaongoza wageni, kwa kuwa aliona kwamba mtu anayegeuka nyuma kila hatua hapumziki.

8. Tamati

Olmsted aliacha kazi mwaka 1895, kumbukumbu zikimpotea. Mwaka 1898 alipelekwa katika hospitali ya McLean, karibu na Boston, hospitali ya wagonjwa wa akili ambayo uongozi wake uliwahi kumwomba ushauri juu ya uwanja wake. Alifia humo tarehe 28 Agosti 1903. Miti haikumponya, na haifai kudai kwamba miti huponya kila maradhi. Mgonjwa wa sonona ahitaji pia tabibu na jamaa.

Historia hii yafundisha mambo mawili yasiyotengana. La kwanza ni kwamba haja ya wasaa si anasa ya matajiri. Ni haja ya mwili na ya akili, na Olmsted alisema kweli alipoiita haki ya raia. La pili ni kwamba kila mara haki hiyo ilipotolewa kwa kuwafukuza wengine, huko Seneca Village, Yosemite na Rwindi, dhiki haikuondolewa bali ilihamishwa kutoka kifua kimoja kwenda kingine.

Kwa Kongo, basi, swali si kama msitu hutuliza. Swali ni masharti gani yatamwezesha Mkongomani kutulia msituni. Amani ni la kwanza. Ardhi na kuni kwa wanaoishi mpakani ni la pili. La tatu ni dogo na liko karibu zaidi: miti ya barabarani, viwanja vya shule, ukingo wa ziwa Kivu na bustani za miji, ambazo huuzwa kiwanja kwa kiwanja kama kwamba hazina kazi. Zina kazi. Ndipo mahali pa kupunga upepo kwa mtu asiye na nauli ya kwenda mbali, na mji unaozimaliza huwaachia watu wake dhiki katika maana yake ya kwanza, yaani ufinyu.